Mlinda Maji wa Hewani

Mama alipokuwa hai niliahidi kila mwaka kwenda naye Hewani, na kila mwaka nikapata sababu: barabara imekatika, mto umefurika, shule zimefunguliwa. Kisha kiharusi kikampiga huko huko Mombasa, tukamzika Mombasa, na kaka yake wa pekee hakuja mazikoni. Tuliudhika, sitaficha. Karibu mwaka ulipita ndipo binti ya mjomba akanipigia simu, akanieleza ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Mjomba alipewa habari ya msiba mara nne. Alilia mara nne, na kila mara ilikuwa kama anaisikia mwanzo. Mara ya tano hawakumwambia tena. Alipouliza dada yake atakuja lini, walimjibu kwamba njia ni mbaya.

Ndiyo nikapanda basi la Lamu, mtu mzima wa miaka 47, kwenda kwa mara ya kwanza kijijini kwa mama yangu.

Kutoka Mombasa hadi Malindi sina la kusimulia ambalo msafiri wa pwani halijui. Ila tulipopita Kilifi niligeuza uso upande wa bara, kuelekea Ganze, kwa sababu huko, Kaya Godoma, wamekuwa wakihifadhiwa wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi. Mzee anatoka usiku wala hajui aendako. Anaongea peke yake. Anamwita mjukuu kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Daktari akisikia hayo atataka kumpima. Jirani mwenye hofu huwa ameshahukumu, na wazee wameuawa kwa hukumu za namna hiyo katika kaunti ile tuliyokuwa tukiipita huku tukinunua korosho dirishani. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mjomba yuko mikononi mwa mke wake.

Ukishapita Malindi na Mambrui, barabara inaingia nchi ya chumvi. Gongoni, Marereni, Kurawa: mabwawa mapana yanayong'aa mpaka yanaumiza macho, na kando yake vilima vyeupe vikisubiri magunia. Nilivitazama vilima vile nikamkumbuka mama akionja mchuzi, akikunja uso, akiongeza chumvi. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Tangu mwezi wa kwanza mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayopatikana kwenye ndizi, mboga na maji ya dafu. Mama naye alitoka kwenye ndizi na kambare wa mtoni akiwa msichana, akaja kwenye mkate, nyama ya makopo na viungo vya pakiti. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na ile iliyojificha ndani ya mkate. Nyumbani kwetu kijiko hicho kiliisha kabla ya adhuhuri.

Minjila nilishuka. Hapo njia inagawanyika, moja yaenda Garsen, Hola hadi Garissa, nyingine Lamu. Binamu yangu alikuwa akinisubiri na bodaboda wawili, mmoja wa mizigo. Tukavuka daraja la Tana. Nilimwomba mwendeshaji asimame katikati, nikatazama chini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mazito, yakienda bila haraka. Mto huu unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unasafiri kama kilomita 1,000, na mama aliogelea humu. Nilisimama hapo mpaka binamu akanigusa bega akasema, "Dada, mzee anasubiri, na akichoka kusubiri husahau alikuwa akisubiri nini."

Hewani ni miembe, migomba, nyumba za udongo na za mawe, na mashamba ya mpunga yanayoanza pale ua unapoishia. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya mwembe, shati jeupe, vifungo vyote mahali pake. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita kwa jina la mama, akasema, "Umenenepa. Mombasa inakupenda."

Nilijiandaa kwa mambo mengi njiani, hilo sikuliandaa. Niliitika.

Siku ile ya kwanza nilimchunguza kuliko nilivyozungumza naye. Nilidhani ningemkuta mtu aliyesahau tu. Nikamkuta mtu aliyepungua mwendo wa kila kitu. Akinyanyuka, miguu husita kama imegandishwa ardhini, halafu huanza hatua fupi fupi za kuburura. Ukimwuliza swali, jibu huja, lakini huja baada ya wewe kukata tamaa. Chai ikiwekwa mbele yake hunywa, isipowekwa, haombi. Mtu aliyekuwa, kwa maneno ya mkewe, hakai kitako hata siku ya mvua.

Mkaza mjomba alinisimulia usiku, tukichambua mchele kwa taa. Yeye hahesabu miaka kwa kalenda, anahesabu kwa maji. Kabla ya mafuriko ya 2018, mzee aliamka asubuhi akashindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vikitafuta matundu bila kuyapata, na ulimi ulikuwa mzito kidogo. Siku ya tatu akapona. "Akapona, lakini hakurudi wote," alisema. Miaka ikapita, akaizoea hali ile. Msimu mmoja wa embe akaanza ghafla kukosea hesabu za pesa, yeye aliyekuwa mweka hazina wa kila mchango. Tena akatulia hapo. Kisha yakaja maji ya El Niño, mwishoni mwa 2023, familia ikahamia penye mwinuko, vidonge vya presha vikabaki kwenye nyumba iliyojaa maji. Waliporudi, mzee alipotea kati ya shamba na nyumba, njia aliyoipita miaka 50.

"Wazee wengine niliowauguza waliteremka kama mtu anayeteremka kilima," mkaza mjomba aliniambia. "Huyu alikuwa akishuka ngazi. Anakaa kwenye ngazi moja hata miezi, unasema basi, amefika. Halafu siku moja waamka, yuko ngazi ya chini yake."

Niliweka ungo chini. Ndivyo madaktari wanavyoueleza ugonjwa wa kusahau unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo, na ndivyo wanavyoanza kuutofautisha na Alzheimer, ambao mara nyingi huingia polepole kama magharibi inavyoingia. Wazee wengi wana yote mawili pamoja. Mkaza mjomba hajasoma maelezo hayo popote. Aliyapata kwa kumtazama mume wake kila siku kwa miaka.

Mkeka wake ameuhamishia mlangoni. Analala amekingama kizingiti, kwa sababu mzee akiamka usiku hutaka kwenda mtoni kuangalia maji, na mtoni usiku kuna kiboko na mamba. Akimkanyaga, anaamka, anamrudisha. Mara mbili, mara tatu kila usiku. Niliona miguu yake ilivyovimba, na sikuona mtu yeyote aliyekuwa akiipima.

Asubuhi mjomba alikuwa mwepesi kidogo, tukatoka naye shambani, yeye na fimbo yake, mimi nyuma. Sikujua, mpaka asubuhi ile, kazi aliyoifanya. Alikuwa mlinda maji kwenye mradi wa mpunga wa TARDA, wakati mashamba yalipokuwa mapya. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango ya maji, kuzibua mifereji, kuhakikisha kila jaruba linapata haki yake. Mvua za El Niño za 1997 zilipobomoa tuta, ni yeye na wenzake walioliona likienda. Hilo analikumbuka kama jana. Alinionyesha kwa fimbo: mfereji mkuu, wa pili wake, halafu vifereji vinavyoingia majarubani, vingine havipiti upana wa jembe.

"Ipi ilikusumbua zaidi?" nilimwuliza.

Nikasubiri. Ndege wa mpunga wakapita mara mbili.

"Midogo," akasema. "Mkubwa ukiziba, kila mtu anapiga kelele. Mdogo ukiziba, hakuna ajuaye, mpaka mpunga ubadilike rangi."

Tangu mama afariki nimesoma mengi juu ya mishipa ya ubongo, na sijaona mahali jambo hilo lilipoelezwa vizuri kuliko pale kwenye tuta. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayobebwa na damu. Hauna ghala, unakula kinacholetwa saa hiyo hiyo. Kinacholetwa huingia kwanza kwa mishipa mikubwa ya shingo, kisha hugawanyika mpaka kufika vishipa vinavyochoma kuingia ndani kabisa, vyembamba kuliko nusu milimita. Presha ikipiga vishipa hivyo mwaka baada ya mwaka, kuta zake hunenepa na kukakamaa, njia ya damu inasongwa, baadhi huziba na baadhi huvuja. Mkubwa ukiziba, mkono unalegea, mdomo unapinda, watu wanapiga kelele, kama ilivyokuwa kwa mama. Kidogo kikiziba, sehemu ndogo ya ubongo inakufa kimya. Mwenyewe pengine alihisi kizunguzungu asubuhi moja, au vifungo vya shati vilimsumbua. Viharusi vya kimya vya namna hiyo hujumlishwa, na jumla yake ndiyo hatua zile fupi na majibu yanayochelewa.

Nilitaka kumfariji, au nilitaka kujifariji. Nikasema, lakini mjomba, Tana ikizibwa huku si hupita kule? Nilikuwa nikifikiria Belazoni, mfereji uliochimbwa enzi za usultani wa Witu kuunganisha Tana na Ozi, mpaka mto wenyewe ukaichagua njia hiyo mpya, ukaenda kuingia baharini Kipini.

"Mto, ndiyo," akasema mjomba. "Mto una akili yake. Kifereji cha jaruba hakina pengine pa kupita."

Na ndivyo ilivyo kwa vishipa vile vya ndani. Mishipa mikubwa chini ya ubongo imeunganishwa kwa duara, mmoja ukizidiwa mwingine huweza kusaidia. Vya ndani kila kimoja kina eneo lake, na kikifa hakina jirani wa kutosha wa kulilisha. Ndiyo maana lililokufa kwa mjomba halitafufuliwa na kidonge chochote, na ndugu wanaouza mbuzi kununua dawa za kurudisha kumbukumbu wanaibiwa. Linalowezekana ni kulinda vifereji vilivyobaki. Hilo si dogo. Kwa mkaza mjomba ni tofauti kati ya mzee anayejiosha na mzee wa kuoshwa.

Binamu yangu ndiye mlinda maji wa sasa, ingawa yeye mwenyewe hangejiita hivyo. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake. Aliufungua mkoba mbele yangu kwenye mkeka: mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, simu ya kuandikia taarifa. Lakini anayoiamini zaidi ni daftari lake la shule, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Ukurasa wa baba yake unaanza na 184 kwa 106. Kuna wiki namba zinashuka, kuna wiki zinapanda tena, na pembeni ameandika sababu: dawa zimeisha. Kuna kituo kimoja walichokwenda mara tatu wakaambiwa wanunue wenyewe. Vidonge vya mwezi mzima vingekuwa nafuu kuliko nauli waliyoitumia kwenda kuviulizia.

Wapo wanaofikiri kwamba kazi hii ya mkoba ni ndogo, kwamba ugonjwa wa ubongo unataka mashine kubwa za Mombasa na Nairobi. Nilifikiri hivyo pia. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa China, vijiji 326, watu 33,995 wenye presha isiyodhibitiwa, wa miaka 40 na zaidi. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa kijiji, wasio madaktari wa chuo kikuu, walipewa kazi ya kuwapima watu, kuwapa dawa kwa utaratibu, kuwafuata nyumbani na kuwafundisha kupunguza chumvi. Baada ya miaka 4, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umepungua kwa asilimia 15 ukilinganisha na vijiji vingine. Kabla ya hapo, mwaka 2019, utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND, wenye watu 9,361, ulikuwa umeonyesha kwamba kuishusha presha ya juu chini ya 120 kulipunguza kudhoofika kwa akili kule kunakotangulia maradhi yenyewe. Mimi naukumbatia zaidi ule wa China, kwa sababu ulifanyika mahali penye vumbi, tena kwa mikono ya mtu kama binamu yangu. Tofauti ni kwamba kule dawa hazikuisha.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, ilhali karibu mmoja kati ya wanne anayo. Binamu akanivika kitambaa mkononi bila kuniuliza. 148 kwa 92. Akapima tena baada ya dakika 5: 146 kwa 92. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu. Umri wangu ndio umri wenyewe wa jambo hili; presha inayomchosha mzee wa miaka 75 mara nyingi ilianza kazi yake akiwa na miaka kama yangu, hana maumivu yoyote, anaongeza chumvi kwenye mchuzi.

Jioni ya mwisho nilimwomba binamu tujaribu jambo nililolisoma. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, mwaka 2010, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau. Vipimo vya Ulaya humtaka mzee achore saa au asome sentensi, na wengi hawakuwahi kushika kalamu. Kikatengenezwa kipimo cha huku, kinachoitwa IDEA: mzee hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno 10, huulizwa daraja ni nini. Sisi si wapimaji, na binamu aliniambia wazi kwamba hatuandiki alama yoyote. Tulitaka tu kuona.

Njiti nne zilimshinda. Alizigusa, akazisogeza, akazirudisha. Vidole vile vile vya vifungo. Wanyama alianza vizuri, kiboko, mamba, nyani, ng'ombe, kisha akanyamaza, na dakika ikaisha akiwa anatazama mbali. Nilijuta kuanza. Nikauliza la mwisho ili tumalize.

"Mjomba, daraja ni nini?"

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka. "Daraja ni la watu wa magari," akasema. "Sisi tulivuka kwa mtumbwi." Akafikiri. "Lakini kazi yake ni moja."

Binamu aliinama kukusanya njiti, na hakuinua uso kwa muda.

Ndani mtoto alikuwa akilia. Mkaza mjomba akaanza kumwimbia kwa Kipokomo, na mwili wangu ukataka kusimama wima kabla sijajua kwa nini. Ni ule wimbo wa kubembeleza mtoto ambao Meza Galana, Mpokomo wa mto huu huu, aliwapa waliotunga wimbo wa taifa, ukawa sauti ya Kenya tangu 1963. Mjomba akaupokea kutoka kwenye kiti chake. Maneno yote, mistari yote, bila kukosea, kwa sauti nyembamba. Aliyekuwa hawezi kupanga njiti nne. Nyimbo za utotoni mara nyingi hukaa mahali ambapo maradhi haya huchelewa kufika, na mkaza mjomba analijua hilo pia kwa njia yake: akimwosha humwimbia, akikataa dawa humwimbia.

Kabla sijaondoka tulikubaliana mambo matatu, mimi na binamu, bila sherehe. Vidonge vya mzee nitavituma kutoka Mombasa kila mwezi kwa dereva wa basi, asingoje kituo. Mkaza mjomba atapimwa naye, na usiku miwili kila wiki mtoto mkubwa wa binamu atalala mlangoni mahali pake. Nami nitapimwa kila Jumamosi, na namba nitazituma kwake aziandike kwenye ukurasa wangu.

Mjomba alinisindikiza mpaka mwisho wa miembe, kwa hatua zake fupi. Alinishika mkono, akaniita tena kwa jina la mama, akaniambia nisivuke kama maji yamepanda.

Basi lilikuwa limesimama Gongoni, abiria wakinunua maji, vilima vya chumvi vikianza kuwa vya zambarau, simu ikalia. Binamu alikuwa ametuma namba tu, kama tulivyokubaliana: 152 kwa 88. Chini yake akaongeza kwamba mzee ameketi tangu nilipoondoka, amekataa kulala, amejaribu mwenyewe vifungo vya shati na kufunga viwili, na anauliza kama dada yake amevuka daraja salama.

Nikamwandikia: mwambie amevuka.